Hakutaka Jeneza Lake Lipande Ndege

Mama wa vitenge wa Umbilo Road amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka, maana nimemtaja humu zaidi ya mara moja, kila mara bila jina, naye kila mara akanigombeza kwamba nimemfanya mnene kuliko alivyo. Presha iliyomsumbua kwa miaka ilimwangusha Jumanne asubuhi akifungua duka, na kabla ya adhuhuri binti yake mkubwa, mwenye saluni kule Pinetown, alinipigia simu ofisini kwangu bandarini. Hakulia. Alisema, "Mama ametuacha, na vita imeshaanza." Nilijua ni vita gani. Mama alikuwa ametamka mbele ya watoto wake, mbele ya mchungaji na mbele yangu, kwamba akifa azikwe hapahapa Durban. Lakini sisi wageni wa mji huu, Wakongo, Warundi na Watanzania, tuna desturi tunayoishika kama sala: mtu akifa tunachanga, tunahangaikia vibali, jeneza linapanda ndege, mwili unarudi kwao. Kumwacha mwenzako kwenye ardhi ya ugenini ni aibu ya jumuiya nzima. Na mdogo wake aliyeko Bukavu alikuwa ameshaamuru dada yake apelekwe nyumbani.

Niseme kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Duka lake lilikuwa karibu na robot, kama watu wa hapa wanavyoziita taa za barabarani, vitenge mbele, na nyuma ya vitenge unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, basi kila nikipita alipaza sauti hadi watu wageuke: "Mutanzania, kuja! Samaki ya kwenu iko hapa, inakulilia." Hakupenda kubembeleza mteja na hakupenda kubembelezwa. Alikuwa amefika Durban kwa malori, mabasi na miguu, akikimbia vita vya kwao, na mwanawe alipomkatia tiketi ya ndege ili akasalimie ndugu, alimrudishia. Nilidhani ni woga wa uzee, nikamtania. Akaniangalia kama niliyetukana kanisani. "Baba yangu alipanda avion ya basoda, haikurudi," alisema, yaani ndege ya askari. "Kwetu, mutu moja anatosha."

Ndipo nikaijua habari ya baba yake. Alikuwa mmoja wa Wakongo ambao Wabelgiji waliwapeleka Burma katika Vita Kuu ya Pili, kubeba machela na kuosha vidonda katika hospitali ya kijeshi. Aliondoka mkewe akiwa na mimba. Mtoto, ndiye rafiki yangu huyu, akazaliwa, akaanza kutambaa, na baadaye chifu akaletewa neno na mkubwa wa wilaya: ndege aliyopanda imepotea milimani. Hakuna aliyesema imeanguka, wala kwamba mtu amekufa. Neno lilikuwa ni hilo tu, kupotea. Mama wa vitenge alilichukia neno hilo mpaka mwisho. "Mutu muzima hapotei kama mbuzi," alikuwa akisema.

Mlio wa pwani na mliokulia kandokando ya maziwa mmesikia wazee wakiiita Burma Bama. Mtaani kwetu Kigoma alikuwepo askari mmoja wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyezilaani ndege za mizigo za huko na kuzishukuru kwa pumzi moja. Njia za nchi kavu zilikuwa zimekatwa, au hazikuwahi kuwepo, basi kila kitu kilipita angani: mchele, petroli, risasi, bandeji, majeruhi. Ndege zilipakiwa mpaka zikaguna. Mbele yake kulikuwa na milima mirefu ambayo mawingu hayaondoki juu yake, upepo unaorusha chuma kama pumba za mchele, na mvua ambayo ndani yake rubani haoni hata bawa la ndege yake. Nyingi ziligonga miamba. Msitu ukazifunika, na huko makao makuu mtu akazihesabu kuwa zimepotea, akaenda kula. Leo wanaandikwa marubani, nao wanastahili, walikuwa vijana waliotumwa kufa mbali na mama zao. Lakini nyuma ya rubani, katikati ya magunia, walikaa watu kama baba wa rafiki yangu, nao familia zao hazikuambiwa hata mlima wenyewe unaitwaje.

Neno lile lilimfunga mjane. Wakweze walishikilia kwamba kilichopotea hutafutwa, na asiyezikwa bado yu hai. Kwa hiyo yeye bado ni mke wa mtu: hanyoi nywele za msiba, haanui matanga, haolewi, haondoki. Kila alipouliza nani atakwenda Bama kutafuta, wazee walimwambia angoje. Misimu ya mavuno ikapita. Asubuhi moja mwanamke yule akakata mgomba, akaufunga kwenye mkeka aliolalia na mumewe, akachimba kaburi kwenye shamba lake kwa jembe lake mwenyewe. Kwao, kama kwa makabila mengi ya maziwa makuu, mgomba huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haupatikani, lakini wanaoamua ni wazee wa ukoo, si mjane. Walikuja mbio kumzuia. Walimkuta ndani ya shimo, udongo mpaka kwenye nyusi. "Mukiniletea mwili wake natoka humu," aliwaambia. "Kama hamuna mwili, mutoke kwa njia." Wakatoka. Rafiki yangu alikuwa mdogo, lakini alikumbuka mama yake akimtia udongo mkononi na kumwambia amtupie baba. Msiba ukaisha. Mwanamke akanyoa nywele zake, na baadaye akaolewa na mwanamume mwingine, akamzalia mtoto wa kiume.

Miaka michache iliyopita nilisoma kwamba hata sasa wako watu wanaopanda milima ile kutafuta mabaki ya ndege za vita, na mifupa wanayoipata hurudishwa kwao kwa bendera na tarumbeta. Nikaenda dukani kwa furaha, kama aliyebeba habari njema. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa. "Banatafuta nani?" akauliza. Nikamwambia, wanatafuta wanajeshi wao. "Na wa machela?" Nikasema habari niliyosoma haikuwataja. Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Pardon, mwandishi, ukibaandikia, ubaambie hivi: bakimukuta baba yangu, bamwache. Mama alishamuzika. Hatuhitaji ruhusa ya mutu." Nilitoka pale nimekasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo ninayo bado. Dunia ina taratibu nzuri sana za kuomboleza, lakini huwafungulia wale inaowaona ni watu. Waliobaki ama wasubiri milele, ama wachukue jembe.

Mwaka huu, wakati wa vurugu za kuwafukuza wageni, jembe hilo nililiona mikononi mwake. Maduka ya Umbilo yalifungwa, watu wakalala kwenye mahema, na baadhi ya nchi zikatuma mabasi kuchukua raia wao. Yeye alifunga pale tu polisi walipomwamuru, na waliporuhusu alikuwa wa kwanza kufungua. Mwanamume mmoja akasimama mlangoni, akamwambia, "Hamba, mama, rudi kwenu." Nilikuwepo. Alimjibu kwa Kizulu chake cha kuungaunga, nami nakitafsiri: "Eish, mwanangu, wajukuu zangu wamezaliwa hapa, wanaimba nyimbo zenu kuliko wewe. Unanunua kitenge au unaniziba mwanga?" Mtu yule akaondoka. Mama akavikunja upya vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa. Jioni hiyo ndipo alipotuita mchungaji, watoto na mimi, akasema mahali anapotaka kuzikwa.

Turudi kwenye msiba. Jumatano tulijaa sebuleni kwa binti yake, Pinetown, simu katikati ya meza, sauti ya mjomba wa Bukavu ikisikika na kila mtu. Huyu ndiye yule mtoto wa kiume niliyemtaja, wa tumbo moja na marehemu, baba tofauti. Alilia kwanza, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Kisha akasema, "Dada yangu atalala kwetu. Famille itasema nini? Mukataa kwao ni mutumwa. Bila mwili, hapa hatuna kilio." Mchungaji, ingawa aliusikia wosia kama mimi, akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti wa jumuiya akasema mchango umeshaanza, itakuwa vigumu kuwarudisha watu nyuma. Niliona mambo yakiteleza kuelekea uwanja wa ndege. Nikasema nilichomsikia marehemu akikisema, mwenyekiti akanijibu kwa upole kwamba mimi si wa ukoo.

Binti akaisogelea simu. "Mujomba," alisema, "kilio munaweza kuwa nacho. Mukate mugomba, muuzike kwa shamba ya bibi."

"Unanitukana? Dada yangu ni mugomba?"

"Hapana, mujomba. Lakini kama bibi asingezika mugomba, angeolewaje na baba yako? Weye ungetoka wapi?"

Upande wa Bukavu tulisikia mtoto akilia mbali na mtu akimtuliza. Hatimaye akakohoa. "Muzike," alisema. "Lakini muchimbe murefu. Dada yangu alikuwa mutu mukubwa."

Tulichimba kirefu. Waliokuja makaburini Jumamosi walikuwa Wakongo na Warundi, Watanzania wachache, na majirani Wazulu wa Umbilo, ambao waliimba kwa sauti nzito mpaka sisi tukawa wafuataji. Siwalaumu wanaowarudisha wapendwa wao nyumbani, kila nyumba ina moyo wake, na huenda mimi mwenyewe nitataka Kigoma. Ninachokataa ni kupangiwa. Mama mmoja alikataa kuambiwa na serikali ya kikoloni na wazee wa ukoo kwamba mumewe ni kitu kilichopotea. Binti yake, mama wa vitenge, akakataa kuambiwa na mtu wa barabarani kwamba maisha yake ni ya kupita, akakataa pia kuambiwa hivyo na sisi tuliompenda. Aliye mnyonge akingoja wakubwa wamtamkie kwamba wafu wake ni wafu na kwao ni kwao, atangoja mpaka naye afukiwe. Sisi hatukungoja. Durban sasa ina kaburi letu, lina jina na udongo wake bado ni mbichi. Atakayesimama tena mlangoni kwetu kutuuliza kwetu ni wapi, tutamwonyesha njia ya makaburini.