Besi Peke Yake, Mara Nane

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu nusu yake mnaijua na mnaieneza vibaya, bora niiseme mwenyewe niaibike kwa mpangilio: ndiyo, ni mimi niliyefanya kanisa zima pale Ilembo lisikilize kaseti ya besi tupu, wimbo mzima, bila sauti ya mtu mwingine.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, parokia imepata kompyuta yenye programu ya kurekodia, na mimi kwa kuwa niliweza kuiwasha bila kuita mtu nikajiita fundi mitambo (cheo hakuna aliyenipa). Tulirekodi wimbo mmoja, mistari nane, kila sauti na mstari wake, na mwimbishaji alikuwa Mama Verediana, ambaye mumewe alihamishiwa Kigoma na Jumatatu wanapanda treni. Wimbo ndio ulikuwa wa kumuaga, Jumapili kabla ya safari. Na mama yake mzazi, bibi wa Usevya, alikuwa anakuja kwa jambo moja tu, amsikie mwanaye akitoka kwenye redio ya kaseti.

Sasa fundi wa kuchanganya sauti alikuwa Dar, akataka tumtolee kila mstari peke yake, faili nane, zote zianzie mahali pamoja, yeye huko ndiyo azipike. Kazi nyepesi. Ila kabla sijaanza nikasema ngoja nijisikilize kidogo (si mnanijua), nikabonyeza kitufe cha solo kinachozima wengine wote, ikabaki besi tu, yaani mimi, nikaridhika kabisa, na jenereta ya parokia inakaribia kuzimwa, basi nikaanza kutoa faili haraka haraka, hii soprano, hii alto, hii Mama Verediana, majina nimeandika vizuri kweli, ila kile kitufe nilikisahau. Kwa hiyo kila faili nje ina jina la mtu mwingine, ndani ni mimi. Sikusikiliza hata moja. Nikachoma CD, ikaondoka na treni.

Kaseti ilirudi Jumapili yenyewe ya kuagana, pamoja na kijibarua cha fundi ambacho nilikitia mfukoni bila kukisoma, maana watu walishakaa. Bibi amekalishwa mbele, karibu kabisa na redio. Nikatoa hotuba (neno teknolojia nililitaja mara tatu), nikabonyeza.

Ikatoka besi. "Twende." Kimya. "Twende." Kimya kirefu, pale ambapo Mama Verediana anaimba ubeti mzima, na ndani ya kimya hicho nasikika nikikohoa, nikihesabu moja mbili tatu, halafu wazi kabisa: "Mama Verediana naye anauvuta huu ubeti, nguo zangu ziko kwenye kamba na mvua hiyo."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akamuuliza Mama Verediana kwa Kipimbwe, mbona sauti yako haimo humo. Hapo ndipo iliponiuma, kumwona yule bibi ameinamia redio anasubiri. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," Mama Verediana akasema.

Akasimama, na kimya kilichofuata kilipofika akakiingia na ubeti wake, na kwa kuwa besi niliiimba nikiwa namsikiliza yeye, ikakaa sawasawa, wanakwaya nao wakadaka kila mmoja mahali pake, vigelegele, bibi kainuka anacheza, mimi humo kwenye redio nasema twende, na kweli tukaenda. Katikati ya raha hiyo bibi akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, na nje walisikia:

"Huyo wa kwenye redio mwambie anyamaze, mwanangu anaimba."

Kanisa lilicheka mpaka watu wakashikana mabega, na mimi nikiwemo. Nilipokumbuka kile kijibarua nikakisoma. Fundi ameandika: "Ndugu, nimepata watu nane wenye sauti moja. Nimewachanganya hivyo hivyo, nadhani ni wa familia moja."

Wiki ile nikatoa faili upya, kila moja nikiisikiliza mpaka mwisho, nikazituma tena Dar, na kaseti ya pili ikafika Usevya ikiwa na Mama Verediana mzima mzima. Kitufe kile nimekiapia. Siku hizi nikitamani kujisikiliza naimba nikiwa naoga, na mlango naufunga.