Kageha na Unga wa Ngano

Kageha binti Joash wa Shirere hakujua kunyamaza, na watu wa kwao walilijua hilo kabla hajapelekwa Uingereza kusomea uuguzi. Siku ya kumuaga, mama yake Selpher alimsihi mbele ya wageni: miaka mitatu tu, funga mdomo, urudi na cheti. Kageha aliitikia. Kuitikia ni kazi rahisi.

Mwezi wa tano mwaka 1964, zikiwa zimebaki wiki tisa apate cheti hicho, wauguzi wenzake walimwalika kwenye tamasha la mtaani, la enzi za mababu zao. Alikwenda kwa furaha. Barabara ilifungwa, vibanda vikajaa mikate ya tangawizi, filimbi zikalia, na zile kelele zikamkumbusha siku ya soko Kakamega hadi akatamani kwao.

Mara wakaja wachezaji. Wanaume wanane, njuga miguuni, fimbo mikononi, nyuso zimepakwa masizi hadi shingoni. Mwenzake mmoja akamnong'oneza asijali, ni desturi tu, hawamaanishi mtu yeyote. Lakini mzee mmoja akamnyooshea Kageha kidole, akauliza mbona amechelewa kujiunga na kundi lake. Watu wakacheka, na yule mwenzake pia akacheka.

Hapo Kageha aliwaka. Kwao vijana wa tohara hujipaka udongo mweupe, na hakuna anayemnyooshea Mzungu kidole kwa ajili hiyo. Aliingia duka la karibu, akanunua unga wa ngano, akajipaka uso mzima, kope na masikio pia, akajitosa kwenye mstari. Mabega yake yalikulia kwenye ngoma ya isukuti, kwa hiyo alicheza kuliko wote wanane. Kicheko kilikatika. Askari akaja mbio kumwambia aache kuwadhihaki watu.

"Ni desturi tu," Kageha akamjibu. "Simaanishi mtu yeyote."

Askari, uso umemwiva, akauliza anatoka koloni gani.

"Koloni liliisha Desemba. Natoka Kenya."

Jumatatu mkuu wa wauguzi alimwita ofisini. Barua ya kuomba radhi ilikuwa imeshapigwa chapa. Atie sahihi, au arudishwe kwao wiki hiyohiyo bila cheti. Kageha aliisoma mara mbili. Aliogopa, tusidanganyane. Akilini alimwona Selpher akimpokea amerudi mikono mitupu, na majirani wakijifanya hawaoni. Akaichukua kalamu, na yule mkuu akatabasamu akidhani mambo yameisha.

Kageha akaigeuza ile karatasi, akaandika upande wa nyuma kwa herufi kubwa: Kageha Joash, Shirere, Kakamega, Kenya.

"Hapo ndipo kwetu," akasema, akiirudisha kalamu mezani. "Mkinirudisha, msije mkapotea njia."