Mlio wa Binti Yangu

Kusoma ninasoma, asije mtu akanisingizia. Ninasoma herufi moja moja, kama anayechambua mchele wenye mawe, na nikifika mwisho wa neno ninakuwa nimelipata. Tatizo ni simu. Simu ikiita inatoa jina la anayepiga, na mimi nikiwa bado nahangaika na herufi za mwanzo mtu ameshakata, ameudhika, anawaambia wenzake kwamba yule bibi wa Ujiji siku hizi anaringa.

Zamani nilikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, nikikijua kwa vidole. Mwanangu wa kiume akakichukua akanipa simu ya kupangusa, kioo kitupu kama kisahani, ukiigusa vibaya inakupeleka usikokutaka. Binti yake ninaishi naye mimi. Tangu ananyonya namwita kwa utani mke mwenzangu, na yeye ananiita Bibi nikiwa mwema kwake, nikiwa mkali ananiita bi mkubwa. Ndiye aliyeona ninavyohangaika.

“Bibi, wacha kusoma,” akaniambia. “Kila mtu nitampa mlio wake. Utasikia tu, utajua nani.”

Mlio wa baba yake akauweka jogoo. Mwenyewe akaniuliza, “Mimi unipe nini?”

“Jiwekee mbuzi,” nikamwambia. “Kelele zenu moja.”

Akajiwekea mbuzi kweli, na watu mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha, walicheka siku ya kwanza alipolia ndani ya kanga yangu. Wengine wote, wale wasio na mlio, walibaki na ule wa kiwandani, kengele kengele zisizo na mwenyewe.

Akabaki binti yangu.

Binti yangu ni mmoja tu, na aliolewa ng'ambo. Kwetu ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Milima yake unaiona siku ambayo mvua imeosha hewa. Alimpata mwanamume wa mji wa Baraka kule aliyekuwa akija bandari yetu ya Kibirizi kuchukua chumvi na sabuni, mtu mfupi, mpole, hana neno na mtu. Nilimwoza kwa ngoma. Akaenda, akazaa huko, na vita ilipofika mlangoni mwao wakapanda boti pamoja na watu waliobeba masufuria na magodoro, wakashukia Kibirizi, palepale alipoondokea akiwa bibi harusi. Nilikwenda kumpokea. Nilimkuta amekaa mchangani na wanawe, kiatu mguu mmoja.

Nikamwambia, “Inuka twende nyumbani. Wewe mtoto wa Ujiji, kitovu chako kiko Ujiji.”

“Na hawa?” Akanionyesha mume na watoto.

“Hawa wataandikwa ukimbizi, watapelekwa kambini. Tutakwenda kuwaona.”

“Basi na mimi nitaandikwa.”

“Utapanga foleni ya unga na kwenu unga upo?”

“Mama, hawa wakiwa kule na mimi nikiwa huku, wakilia usiku nani ataamka?”

Nikakasirika. Akapanda basi pamoja nao, akawa mkimbizi katika mkoa aliozaliwa. Majirani waliponiuliza binti yako yuko wapi, nilisema yuko kwa mumewe. Uongo haukuwamo.

Miaka ikapita hivyo. Kwenda kumwona kulitaka kibali, na nilipokipata nilikaribishwa kiti kama mgeni, nikaangalia turubai lililochanika na wajukuu wenye kifua kisichopona. Sikutaka kurudi tena. Tulibaki kuzungumza kwa simu. Halafu siku moja akaniambia majina yao yamekubaliwa, watapelekwa nchi za mbali, nchi gani hata yeye hakuijua sawasawa, alichojua ni kwamba kuna baridi.

Nikamwambia, “Nenda. Ukifa watakufukia kwenye barafu kama samaki migebuka wa kupelekwa mjini.”

Akakata simu. Na mimi nikakata, ingawa ilikuwa imeshakatika.

Tulikaa kimya muda mrefu, kila mmoja anamngoja mwenziwe. Aliyevunja ni yeye. Hakunisalimu, hakuniomba radhi, alituma sauti tu, ameirekodi huko kambini. Mke mwenzangu akaifungua, akaniwekea sikioni.

Alikuwa anaimba. Si wimbo wa redio wala wa kanisani wala wa harusini. Ni wetu wa kugeuzia dagaa. Dagaa wakishaanikwa mchangani wanataka kugeuzwa, na kunguru nao wanawataka, kwa hiyo tunageuza kwa mstari mmoja tukiimba, mikono iende pamoja na kunguru waogope. Mmoja anatangulia: “Kunguru yuko juu.” Wengine wanapokea: “Geuza, mama, geuza.” Binti yangu tangu mdogo mimi nilitangulia na yeye alipokea. Na katika ile sauti aliyotuma alifanya vilevile. Aliimba mapokezi peke yake, halafu ananyamaza, ananiachia nafasi yangu, halafu anapokea tena. Kila palipokuwa na kimya palikuwa pangu.

Nilikaa pale jikoni nikamtangulia mpaka sauti ikaisha. Mke mwenzangu alijifanya anachochea moto.

Nikamwambia, “Huo ndio mlio wake.”

“Sawa, lakini lazima niukate. Mrefu.”

“Kwa nini uukate?”

“Simu haiimbi mpaka mwisho, Bibi. Ikiita kidogo inakata.”

Tukagombana juu ya huo wimbo jioni nzima. Alikuwa na programu ya kukatia nyimbo, wimbo unaonekana kwenye kioo kama vilima vilima, pale sauti inapopanda kuna kilima na kimya ni uwanda. Akavuta ukingo wa huku, akavuta wa kule. Palikuwa na kikohozi cha mtoto, akataka kukitoa.

“Hicho kikohozi cha mjukuu wangu. Kiache.”

“Mlio wa simu una kikohozi?”

“Una.”

Akakiacha. Halafu akataka kuziba vile vimya, mapokezi yafuatane, kwa kuwa anasema mtu akisikia kimya anadhani simu imeacha kuita. Nikamshika mkono kabisa. Nikamwambia akiziba nitarudi kwenye kitochi changu. Akasema, “Haya bi mkubwa, umeshinda,” akauhifadhi, akaufunga kwenye jina la shangazi yake.

Basi kuanzia hapo binti yangu akipiga, simu inaimba, “Geuza, mama, geuza,” kisha kimya, na mimi kabla sijapokea ninatangulia, “Kunguru yuko juu.” Ilinijia yenyewe, sikupanga. Mara nyingine nilitangulia mpaka akakata, akapiga tena akicheka. “Mama, pokea kwanza, utaimba baadaye.” Lile la barafu hatukulizungumza. Nililisema na sikulifuta, na yeye hakuniambia nilifute. Alichoniahidi ni hiki: wakijua siku ya kuondoka, atanipigia. Ndege wataipandia Kigoma, kwa hiyo watalala mjini, na mimi nitakwenda nimwone. Hilo ndilo nililokuwa nalingojea. Sikuwa nangojea jingine. Nilishona gauni la mtoto wa mwisho na nikaweka mawese kwenye kidumu, ingawa waliniambia mawese hayapandi ndege.

Na namba ngeni mimi sipokei. Mwanangu alinikataza, na redio ilinikataza, matapeli wamejaa, mara umeshinda bahati nasibu, mara mwanao kapata ajali fanya haraka. Ikilia ile kengele ya kiwandani ninaibonya ubavuni inanyamaza, ninaendelea na kazi yangu. Nilijiona mjanja. Kwa ule mlio nilikuwa nimepata kizingiti: wangu wana sauti, wasio na sauti si wangu.

Ile siku mke mwenzangu alikuwa amepanda boti kwenda Mwamgongo kwenye msiba wa upande wa mama yake, na kule kwa siku zile simu yake haikuwa ikipatikana. Mimi nilikuwa mchangani na jirani yangu, mama wa Kiha wa kutoka Simbo, tunaanika pamoja. Kengele ikalia.

“Simu yako inalia, dada,” akasema.

“Inalia, haiimbi.”

Nikaibonya. Ikalia tena. Nikaibonya.

“Huyo ana shida na wewe.”

“Mwenye shida na mimi anaimba,” nikamjibu, tukacheka wote wawili.

Ilirudia tena mchana, na tena nikiwa nyumbani naosha sufuria. Nikasema huyu tapeli wa leo amekula kwao, ana nguvu. Mwishowe nikaifunika kwa mto. Kesho yake asubuhi ndege ikapita chini chini juu ya nyumba, kuku wakakimbilia uvunguni, nami nikatoka nje kuitukana, kama ninavyozitukana zote.

Jua lilikuwa limepanda simu ilipoimba. “Geuza, mama, geuza.” Kikohozi. Kimya. Nilikuwa na unga mikononi. Nikatangulia kwa sauti, “Kunguru yuko juu,” nikapangusa kioo kwa kiwiko, nikasema, “Mwanangu.”

“Shikamoo mama.”

Haikuwa sauti yake. Nikaitoa simu sikioni nikaitazama, kana kwamba kioo kingenionyesha uso.

“Ni mimi, wifi yake,” ikasema ile sauti. Dada wa mkwe wangu. Yeye alibaki kambini, zamu yake haijafika. “Aliniachia simu na laini, alisema huko waendako haifanyi kazi. Nimesema nikusalimu. Mlionana vizuri?”

“Kuonana na nani?”

Nikasikia watoto nyuma yake na mtu anapampu maji.

“Mama, wamelala Kigoma juzi na jana. Waliitwa ghafla, gari likaja. Alisema akifika mjini ataazima simu akupigie. Asubuhi hii ndiyo walikuwa wanapanda ndege.”

Sikumbuki nilimuaga vipi. Ninakumbuka unga uliokauka kwenye kioo, na mimi naukwangua kwa kucha.

Mke mwenzangu aliporudi nilimpa simu bila salamu. Akaipigia ile namba ngeni. Akapokea mwanamume, mlinzi wa nyumba waliyolazwa, mtu mstaarabu. Akasema ndiyo, kuna mama aliazima simu yake, akapiga mara nyingi akawa hapokelewi. Kutoka hawakuruhusiwa. Akasema yule mama alisimama getini akishika nondo, anawaambia wenzake mama yangu anakaa hapa hapa tu, atatokea. Baadaye huyo mama akawaambia, mama yangu hatatokea, amenikasirikia, hakutaka niende. Mlinzi alimbembeleza akaingia ndani.

Toka nyumbani kwangu mpaka pale mjini ninakwenda kwa miguu nikibeba ndoo ya dagaa kichwani, na sichoki.

“Bibi,” mke mwenzangu akasema, “wimbo niliufunga kwenye namba. Sikuufunga kwenye mtu.”

“Hukuniambia.”

“Nilidhani unajua.”

“Ningejulia wapi?”

Mimi niliamini ule wimbo ni wake, kwamba atakaposhika simu yoyote duniani, ya mlinzi au ya rais, itaimba. Ni sauti yake mwenyewe. Nilidhani sauti inamfuata mwenye nayo. Watu wamenieleza tangu hapo, wengine kwa kucheka, na nimeelewa vizuri sana.

Muda mrefu ukapita kabla binti yangu hajapiga. Mke mwenzangu akanifundisha la kusema. “Mwambie simu haikuwa na chaji. Yaishe.”

“Nimwambie uongo juu ya kosa lisilo langu?”

“Si uongo mkubwa, Bibi.”

“Uongo mdogo nauzia dagaa. Huyu ni mwanangu.”

Alipopiga alipiga kwa mtandao, kwa mlio mwingine kabisa, nikapokea kabla haujamaliza kulia mara ya kwanza. Nikamwona kwenye kioo, amevaa koti ndani ya nyumba. Amenenepa uso au ni koti, sikujua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Baridi?”

“Ipo.”

Tukasalimiana mambo ya bure, watoto, mume, mtoto kaanza shule. Halafu akasema, “Nilikupigia, mama. Kigoma.”

“Nilisikia.”

Akaangalia pembeni. Mke mwenzangu, tumekaa naye kitandani, alinikanyaga mguu.

“Nilisikia ikilia nikaizima,” nikamwambia. “Nilikuwa nangojea uimbe. Nilidhani ukipiga wewe lazima iimbe.” Nikamweleza yote, jogoo, mbuzi, namba, kengele ya kiwandani, yule mama wa Simbo na kicheko chetu. Kadiri nilivyoeleza nilijisikia kama mtu anayetunga hapohapo. Ukweli wangu ulikuwa na umbo baya.

Akasikiliza mpaka mwisho. Sasa ni mama mtu mzima, ana mvi mbili tatu juu ya sikio, na nilipokuwa nasema alikuwa akikunjakunja ukingo wa lile koti.

“Kwa hiyo hukukasirika niende,” akasema.

“Nilikasirika. Lakini ningekuja.”

“Ungekuja.”

“Ningekuja usiku kwa miguu, ningelala getini.”

“Haya, mama,” akasema.

Hiyo “haya” ninaijua. Nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo pale mchangani. Ndiyo tunayompa mteja anayeacha dagaa wetu na kuapa kwamba kesho atarudi. Hatumwamini, wala hatumbishii. Tunamwambia haya, kwa adabu, na tunawafunika dagaa.