Safari ya Saa Moja, Rakaa Mbili

Zamani Nairobi ilikuwa mbali kweli. Nilipokuwa nasoma chuo huko, nilitoka Malindi kwa basi alfajiri, nikapita Kilifi, nikapita Mombasa, na tulipofika Mariakani miguu ilikuwa imeshavimba, na mikate ya sinia aliyonifungia mama imebaki vipande viwili. Nairobi niliingia jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Kila safari mama alinihimiza: "Ukishapita nyumba za mwisho za mji, wewe ni msafiri. Adhuhuri na alasiri, ziswali rakaa mbili mbili badala ya nne. Mungu amekupunguzia, nawe usijitie ujuaji." Nazikumbuka safari zile kwa mapenzi, vumbi na yote.

Siku hizi ni ndege. Niliolewa Nairobi, nikapata kazi hukohuko, na nikija kumtazama mama napanda asubuhi. Saa moja na kidogo, nishashuka Malindi. Mama hajazoea bado. "Saa moja? Nazi sijamaliza kukuna!" Mimi humwambia masafa ni yaleyale, ndege haikuusogeza mji.

"Haya, mwanachuoni," hunijibu.

Basi Jumamosi moja nikatua, nimekuja kwa siku mbili tu. Shikamoo, marahaba, harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka imejaa nyumba, nami moyo ukanitulia kama zamani. Ikaadhiniwa adhuhuri. Tukatandika misala chumbani mwake, bega kwa bega, kila mtu na sala yake. Mimi, kwa mazoea aliyonifunza mwenyewe, nikaswali rakaa mbili, nikatoa salamu. Yeye akasimama kwa rakaa ya tatu. Nikakaa nikimngoja, navuta tasbihi, wala sina habari.

Alipomaliza hakunitazama. "Umesahau?" akauliza.

"Sikusahau, mama. Mie msafiri."

"Msafiri! Na chumba hiki ndimo ulimozaliwa."

Akainuka. Nikasikia kabati la vioo la sebuleni likifunguliwa, lile ambalo sisi watoto tulichapwa kwa kuligusa tu. Wali ukaja kwenye sahani za wageni, zenye mstari wa dhahabu, na kitambaa cha mkono kimekunjwa pembeni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Karibu, bibi."

Lo! Nikacheka, nikidhani ni utani wake. "Mama, jamani! Sheria yatazama masafa, na masafa haya..."

"Sheria naijua. Aliyekufundisha ni nani?" Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. "Nakuuliza neno moja tu. Huko Nairobi waswali ngapi?"

Kumdanganya, na udhu ninao, sikuweza.

"Nne," nikasema.

Akanimiminia mchuzi taratibu, akanitengea kichwa cha samaki, maana anajua ndicho nikipendacho.

"Basi ndiko kwenu, mwanangu. Mungu akupe kheri nako."

Siku ya harusi yangu sikudondosha hata chozi, mashangazi wakanisema mji mzima. Adhuhuri ile nililia, vidole vimo ndani ya wali, na mama hakuninyamazisha.