Kopo la Biskuti na Mlango Usio na Kamba

Enzi za utoto wetu kule Uvira, Noeli ilikuja na kopo la biskuti kutoka misheni. Biskuti ziliisha siku hiyohiyo, lakini kopo lilidumu miaka, likitunza sindano na nyuzi za Mama. Kwenye kifuniko palikuwa na picha iliyochorwa na Wazungu wa zamani: Yesu amevaa taji la miiba, taa mkononi, anabisha mlango uliosongwa na magugu. Leo picha hiyohiyo inauzwa hapa Toronto, kwenye vikombe na sumaku za friji. Wajukuu zangu wananywea chokoleti, kisha wanaitia picha ya Yesu kwenye mashine ya kuosha vyombo pamoja na vijiko. Sisi tulikuwa hatuthubutu hata kuigeuza chini juu.

Katekista wetu alitufafanulia yote. Magugu ni dhambi. Taa ni dhamiri. "Sasa tazameni mlango," alisema, "una wapi pa kushika? Hakuna! Unafunguliwa kutoka ndani tu. Ukichelewa, atapita." Neno hilo, *atapita*, lilinikosesha raha. Nilikuwa na miaka minane, na mlango wetu ulikuwa na kamba iliyotokeza nje kwenye tundu. Ukiivuta, kijiti cha ndani kinainuka na mlango unafunguka. Niliwaza: Yesu habishi milango ya namna hii. Nyumba yetu ataipita.

Basi siku moja Mama alienda sokoni, akaniachia maharage jikoni na mdogo wangu Musa, wa miaka mitatu. Jiko la makaa lilikuwa ndani kwa sababu ya mvua, na dirisha letu la mbao limefungwa. Nikaichomoa ile kamba. Nikatoka nje nione kama mlango sasa unafanana na ule wa kwenye kopo. Ulifanana kabisa. Upepo ukaupiga, nikasikia kijiti kikianguka mahali pake.

Nilisukuma. Nilibisha kwa ngumi mbili.

"Musa! Fungua!"

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Nani?"

"Ni mimi!"

"Yesu, rudi kwenu," akasema. "Yaya hayupo." Yaya ndiye mimi, mkubwa wake.

Leo tunacheka tukikumbuka. Siku ile sikucheka. Yeye pia alikuwa amesikia habari za yule mtu wa miiba, na kadiri nilivyobisha ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, kuelekea lile jiko la makaa. Harufu ya maharage yanayoungua ilikuwa imeanza kupita kwenye tundu la kamba. Nikachungulia, nikaona moshi, na miguu yake midogo karibu mno na makaa. Majirani wote walikuwa sokoni. Nilipiga kelele, naye akaanza kulia na kukohoa.

Sijui nani alinifundisha kunyamaza. Niliacha kubisha. Nikaweka mdomo kwenye tundu, nikamwita papa, yaani baba, kama Mama alivyokuwa akimbembeleza, kwa sababu alirithi jina la babu yetu: "Papa, yee papa. Njoo, papa yangu." Nikarudia polepole. Kilio kikapungua. Nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni, kikasimama, kikaburutwa tena. Kijiti kikainuka.

Mama aliporudi nilimweleza yote. Nilitegemea fimbo. Alikaa chini na kikapu bado kichwani, akasema tu, "Mwanangu, Mungu haingii nyumba inayounguza watoto." Kisha akarudisha kamba.

Enzi zetu mtoto aliogopa picha ya kwenye kopo, na nyumba nzima ilikuwa chumba kimoja. Hapa Mount Dennis, mtaa wetu wa Toronto, kila mjukuu ana mlango wake na vidude vyake masikioni. Nikibisha kuuliza kama amekula, ananijibu kwa ujumbe wa simu, naye yuko hatua mbili kutoka nilipo! Silalamiki, wamelala salama, wameshiba, namshukuru Mungu. Lakini akichelewa kujibu, nabisha tena kwa ngumi mbili, mimi mzee mzima.

"Koko, unaogopa nini?" aliniuliza juzi mkubwa wao, akitoa kichwa nje; wajukuu wote huniita Koko. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiingereza, akanibusu shavuni, akafunga mlango taratibu. Nikabaki pale kwenye korido kidogo, nikimshukuru Mungu kwamba nimesikia sauti yake.