Sahihi Zilizongoja Kabatini

Ofisini walimwita Mama Utepe, kwa kuwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeifunga mikataba kwa utepe wa kijani na kuigonga muhuri. Ilikuwa ofisi ya mawakili wa hatifungani, ile mikataba ambayo kwayo kampuni hukopa kwa watu isiowajua, walioko miji ya mbali. Watu hao hawawezi kukaa meza moja. Kwa hiyo kila mmoja hutia sahihi ukurasa wa mwisho mapema, mawakili wakiwa bado wanavutana juu ya kurasa za mbele, na kurasa hizo zilizosainiwa zilikaa kwenye kabati la chuma la Mama Utepe. Siku ikifika, mawakili wa kila mji walisema kwenye simu, mmoja mmoja, "Tumeachia." Kabla ya neno hilo, sahihi ilikuwa wino tu.

Kisha likaja wazo la kuwa na mfumo wa kompyuta wa kuzitunza sahihi na kuziachia wenyewe. Wakili aliyepewa kazi ya kuuunda, mwanamume mpole mwenye kucha zilizotafunwa, alikaa ubavuni mwa Mama Utepe miezi miwili akiuliza na kuandika.

"Ukikamilika, mama, wewe ndiye utakayeusimamia," alimwambia.

Ilibaki miaka mitatu astaafu. Ahadi ile aliipokea kwa mikono miwili. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe aliyeishi naye nyumba moja, hakuigusa hata kwa kidole.

"Ameiandika?"

"Wifi, yule mstaarabu."

"Ninyi mnaandika mpaka mkataba wa kuazimana kalamu, ya kwako imesemwa kwa mdomo." Aliendelea kuchambua mchele, macho kwenye sinia. "Akufukuzaye hakwambii toka. Bakiza kitu kimoja kichwani. Kimoja tu, kiwe chako."

"Nimeshabakiza."

Alikuwa amebakiza kweli. Wengine wote walitazama kama mtu alikuwa na mamlaka siku aliyosaini. Yeye, kabla ya simu, alizitoa barua za mamlaka, zile zinazosema nani anaruhusiwa kuisainia kampuni na mpaka lini, na kutazama kama mamlaka hayo yangali hai siku ya kuachia. Hakuna aliyemfundisha, na wakili hakuuliza.

Mkataba wa kwanza wa mfumo uliachiwa asubuhi ya Jumatatu, chumba kimejaa wakubwa. Kwenye kioo cha kompyuta kila jina liliwaka kijani. Mama Utepe alikuwa na barua mapajani, kwa mazoea. Mkurugenzi wa kampuni aliyesaini wiki mbili nyuma, mamlaka yake yalikuwa yamekwisha Ijumaa iliyotangulia.

Mji wa kwanza ukasema, "Tumeachia."

Alijua kwamba akinyamaza, aibu itakuwa ya mfumo, naye atahitajika mpaka astaafu. Mji wa pili ukakohoa, ukajiandaa kusema.

"Subirini," akasema Mama Utepe. Mdomo ulimtangulia.

Ilichukua saa mbili kumpata mkurugenzi mpya na kumsainisha. Wakubwa walimpa mkono Mama Utepe. Chumba kilipobaki kitupu, wakili akavuta kiti.

"Umejuaje, mama?"

Angeweza kusema ni bahati. Akamweleza, barua kwa barua, naye wakili akaandika yote. Alipomaliza alifunga kompyuta taratibu.

"Nadhani hilo ndilo lilikuwa limebaki," akasema, bila kuinua macho.

Ijumaa ya wiki hiyo barua ya kumwachisha kazi Mama Utepe ilikuja kupitia mfumo ule ule. Aliisoma kama alivyosoma barua zote, akianzia chini. Sahihi ya mkuu wa ofisi ilikuwa hai, mamlaka yake kamili. Kisha akatazama tarehe iliyotiwa sahihi. Ilikuwa ya miezi miwili nyuma, wiki ile wakili alipokuja kukaa ubavuni mwake. Ukurasa ulikuwa tayari muda wote. Ulingoja kuachiwa tu.

Nyumbani wifi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na ungenyamaza Jumatatu?"

"Wangengoja kidogo zaidi."

Wifi alimwekea chai mbele. Leo hakuwa na mzaha. Mama Utepe alitoa mkobani kile walichomruhusu kuchukua, bunda la utepe wa kijani lisilofunguliwa, akaliweka mezani. Hakuna kati yao aliyejua utepe huo wangefungia nini.