Sauti Haijajaribiwa

Shangazi yangu hakutaka picha. Naanza na hili kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau kwa miezi minane, na kusahau huko ndiko kulikoniharibia kila kitu.

Alichotaka ni sauti ya mumewe. Wawili hao walinilea tangu nikiwa darasa la pili, tungali Tanzania, na tulirudi Rwanda pamoja. Mzee alikuwa mkwe mkuu, yaani yule anayeusemea upande wa bwana harusi siku familia inapokwenda kuomba mchumba. Watu wa Kabuga, mtaani kwao, wakiwa na kijana wa kuoza walimjia yeye kwanza. Alijua kubishana na msemaji wa upande wa pili kwa adabu, kumtania, kumkwepa, kukiri kosa ambalo hakulifanya ili ukumbi mzima ucheke na binti atolewe. Alipofariki, picha zake zilibaki tele ukutani. Sauti ilibaki mahali pamoja tu: kaseti ya video ya harusi ya jirani, ambamo anazungumza karibu saa nzima.

"Sura yake ninayo," Shangazi aliniambia. "Sauti ndiyo inaanza kunitoka. Juzi nilijaribu kumsikia akiniita, nikasikia sauti ya kaka yake."

Kaseti ilikuwa imekaa sandukuni na kushika unyevu. Niliipeleka mtaa wa Muhima kwa fundi wa video na redio, mtu mpole aliyekulia Burundi. Aliinua kifuniko, akapitisha kidole kwenye utepe, akanionyesha unga wa kahawia.

"Hii iko nakwisha," alisema. "Utacheza mara moja, labda mbili. Fanya kopi kwanza, ndiyo muangalie. Ulete samedi, hii Jumamosi, mashine iko, kadi ya kuingiza video iko. Saa sita inakuwa tayari kabisa."

Hapo kiburi changu kikaamka. Mimi nami nilikuwa na kadi, niliyoiokota katika lundo la vipuri vya kompyuta hatua chache kutoka mlango wa fundi huyo huyo. Ilikuwa kadi chotara ya televisheni: upande mmoja hunasa matangazo ya dijitali ya siku hizi, upande wa pili hupokea analojia ya zamani, pamoja na video ya kaseti. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu inatumia mfumo huria, ule ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na humo kadi yangu haikuwa na dereva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Kadi ndugu zake zilikuwa nayo. Yangu ilikuwa haijaandikishwa na mtu yeyote. Mwenye akili zake angemwachia fundi kaseti. Mimi nikamwambia asante, kazi hii nitaifanya mwenyewe, kitaalamu. Neno hilo likinijia leo natamani kujipiga kibao.

Kaseti niliifungia kabatini kwangu Batsinda, nikaanza. Kila jioni baada ya kazi nilikuwa nimeinamia kadi na tochi, nikisoma namba zilizochorwa juu ya chipu zake. Kuisajili kadi ya namna hii ni kuieleza dereva njia za ndani: picha ya kaseti inapita mlango gani, sauti mlango gani. Kiwanda hakisemi. Unabahatisha, unajaribu, kompyuta inaganda, unaiwasha upya. Vingine nilivinakili kutoka kwa kadi ndugu, nikitumaini kwamba watoto wa mama mmoja hufanana.

Kwa kujaribia nilitumia kamera kuukuu ya ulinzi, kwa sababu kaseti ya mzee haikuwa ya kuchezewa. Siku moja goti langu likatokea kwenye skrini. Nilisimama, nikakaa, nikalitazama tena goti langu. Nilifurahi mno, na katika furaha ile sikujiuliza jambo dogo: kamera ya ulinzi haitoi sauti.

Ningeweza kuicheza kaseti wiki ile ile. Nikajiambia hapana, utepe wa mara moja hauchezwi kwa msimbo ambao haujakaguliwa. Basi nikautuma kwa wakaguzi, watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, ambao husoma kila mstari kabla haujaingia kwenye mfumo. Mmoja alitaka nafasi tupu kati ya maneno ya msimbo zirekebishwe. Mwingine alitaka kazi igawanywe vipande viwili. Nikatuma toleo la pili, la tatu, la nne. Shangazi alipiga simu kila Jumapili.

"Mashine yako imekubali, mwanangu?"

"Bado kidogo, Shangazi."

"Haya. Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema, akacheka.

Katika miezi hiyo presha ya macho ilimmalizia uwezo wa kuona. Alipoanza kuulizia kaseti alikuwa bado anachambua mchele mwenyewe. Kufikia toleo la nne alikuwa anashikwa mkono kwenda kanisani.

Kuna desturi katika kazi hii, na mimi naiheshimu. Ukituma msimbo, unatamka waziwazi ulichokijaribu na usichokijaribu. Mimi niliandika: picha imejaribiwa, inafanya kazi; sauti haijajaribiwa. Niliandika hivyo mara nne, katika matoleo yote manne. Watu ambao sijawahi kuwaona niliwaambia ukweli. Shangazi sikumwambia, wala sikuwa nimekusudia kumficha. Sentensi ile niliiona ni adabu ya mafundi tu. Haikunipitikia kabisa kwamba ilikuwa inamhusu yeye.

Toleo la nne likakubaliwa. Jumapili iliyofuata nilimfuata Kabuga baada ya misa, nikamleta Batsinda, nikamkalisha karibu na meza. Alikuwa amevaa mshanana, vazi la sherehe, kana kwamba anakwenda ukweni. Nikaingiza kaseti kwenye deki ya video niliyoiunganisha na kadi. Mzee akatokea, fimbo mkononi, na watu nyuma yake wamejipanga kwenye viti.

"Mbona simsikii?" Shangazi aliuliza.

"Sauti inaingia kwenye faili kwanza. Tutaisikia ikiisha."

Niliamini nilichokisema. Kulikuwa na mstari mdogo wa sauti uliokuwa ukitikisika pembeni ya skrini, na mimi nikaona unatosha. Tulikaa hivyo saa nzima, mikono yake imefungana mapajani.

Kisha nikafungua faili, nikapandisha sauti. Kikatoka kitu kimoja tu, mvumo, shhh, mfululizo, mwanzo hadi mwisho.

Shangazi aliinamisha kichwa akasikiliza kwa makini.

"Ni mvua?" aliuliza. "Siku ile haikunyesha."

Nilirudisha kaseti mwanzo, nikaicheza tena. Utepe ulikatika kabla hata mzee hajasimama, na unga ukajaa ndani ya deki. Kesho yake niliipeleka Muhima. Fundi aliiangalia kwa muda mrefu, akasema pole sana, akainama kwenye redio aliyokuwa anaitengeneza.

Kosa nililipata kwa dakika kumi. Namba moja tu. Mlango wa sauti nilionakili kutoka kwa kadi ndugu ulikuwa wa antena, si wa kaseti. Nilirekebisha, nikajaribu na redio ndogo, ikasikika vizuri, nikautuma msimbo tena. Ulikubaliwa siku ya pili bila swali hata moja. Mtu wa nchi ya mbali aliniandikia kunishukuru kwamba sasa anasikia kaseti zake. Nilimchukia mtu huyo, na sijamjibu.

Shangazi hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Wiki mbili baadaye aliniomba nipeleke kompyuta Kabuga nimwekee ile video hivyo hivyo. Nikamwekea. Nilizima ule mvumo, nikaketi kando yake nikimweleza ninachokiona.

"Sasa anasimama," nilisema. "Anavua kofia. Ameelekea upande wa binti. Anaongea."

Alingoja.

"Watu wanacheka," nilisema. "Wote. Hata yule msemaji wa upande wa pili amefunika uso kwa mkono."

"Amesema nini?"

"Sijui, Shangazi."